Mkono Ambao Sikuunyanyua

Riziki aliniomba niandike kuhusu kamba. Siku ile mliponikatia keki nyuma ya jukwaa, alinivuta pembeni akasema, "Mzee Salimu, unaondoka na mambo yote kichwani. Tuandikie hata kurasa tatu, wanaokuja wasianzie sifuri." Nikamwambia inshallah, kwa ile namna tunayosema inshallah tukimaanisha hapana. Sasa niko nyumbani Likoni, mwezi wa tatu sina kazi, na nimeona kwamba siwezi kuandika kuhusu kamba bila kumwandika Fundi Shomari. Na siwezi kumwandika Fundi Shomari bila kusema nilichomfanyia.

Mishahara nitaipita. Vyeo navyo nitavipita, isipokuwa kimoja, kwa sababu nilikipata kwa njia mbaya na nyote mnadhani nilikipata kwa njia nzuri.

Nilifika Dubai mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanarudi. Kazi ya kwanza ilikuwa kubeba majora ya vitambaa Bur Dubai, kutoka kwenye gari hadi ghorofa ya pili, kwenye ngazi iliyojengwa na mtu asiyependa wapagazi. Mgongo wangu mpaka leo unazijua ngazi zile. Siku moja tulipeleka majora ya kitambaa cheusi kwenye karakana moja Al Jaddaf, karibu na yadi za vyombo. Humo alikuwamo mzee wa Kiunguja amepiga magoti juu ya ubao, anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake taratibu kama mtu anayesoma. Huyo alikuwa Shomari Haji. Zamani aliunda majahazi kwenye yadi hizo hizo. Wakati huo alikuwa mkuu wa jukwaa katika ukumbi wetu wa Al Barsha, na vitu vizito vya michezo alivijenga mwenyewe pale karakanani.

"Wewe," akaniita, "jora hilo umelibeba vizuri. Hulitupi. Unataka kazi ya kuketi?"

Nikasema nataka. Alinidanganya. Katika kazi hii anayeketi ni mmoja tu, na kiti chake kiko juu.

Siku yangu ya kwanza ukumbini alinipa kamba, akaniambia, "Shika mpaka nirudi." Akaenda kuswali adhuhuri, akanywa chai, akarudi.

"Umeshika?"

"Nimeshika, Fundi."

"Umebadilisha mikono mara ngapi?"

"Sikuangalia."

"Mara nne. Nilikuwa nakutazama kutoka mlangoni. Siku kukiwa na mtu chini yake, utabadilisha?"

Akacheka, akanipa glavu zake za akiba. Tangu hapo alinifundisha kila kitu mlichonikuta nacho: kwamba kila kamba ifungwe utepe wa rangi yake, na rangi isibadilishwe hata mchezo ukibadilika, kwamba fundo hukaguliwa kwa mkono, kwa sababu jicho hupenda kuona kile linachotarajia, kwamba vyuma vya kusawazisha uzito hupakiwa na mtu mmoja na kuhesabiwa na mwingine. Alikuwa hapendi maneno mengi. Nikikosea aliniita "Bwana Mkubwa", na hapo nilijua nimekosea sana.

Mnaijua roshani ya kamba, ile ya chuma iliyo juu pembeni mwa jukwaa, yenye kiti chekundu cha mkuu. Aliye pale haoni sehemu yote ya chini, kwa kuwa mapazia ya pembeni yanamziba. Ndiyo maana kanuni ya zamani ilikuwa ya sauti. Wa juu anapiga kelele, "Vichwa!" Wa chini anatazama, kisha anajibu "Wazi!" au "Bado!" Bila jibu, kamba haisogei.

Baada ya mwaka mmoja hivi niligundua Fundi Shomari hasikii. Si kwamba alisikia kidogo. Alikuwa akisoma midomo, na kutoka roshanini midomo haisomeki. Nilimfuata nikamuuliza, naye akaketi.

"Salimu, wakijua, viza yangu imekwisha," akasema. "Huko nyumbani kuna watu kumi na mmoja wanaokula kwa kamba hizi. Macho yangu bado ni mazima. Macho yananitosha."

Basi tukabuni njia yetu. Mimi nilisimama sehemu moja tu, kwenye alama ya chaki ambayo aliiona vizuri. Akipiga kelele "Vichwa!", kama chini pana mtu, nilinyanyua mkono, naye akasubiri. Kama ni wazi, nilijibu kwa sauti ili wengine wasikie, mkono ukabaki chini, naye akashusha. Tulifanya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili na hakuna aliyetambua.

Hapa niseme jambo la kazi, Riziki, ulikariri. Njia ile ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Mkono uliokaa chini ulimaanisha "endelea". Kwa hiyo mtu aliyesahau, aliyezimia, aliyekwenda chooni, au aliyekusudia ubaya, wote walikuwa wanatoa ishara ya kuendelea. Ishara ya usalama lazima iwe ya kufanya kitu. Mimi nililijua hilo, nikanyamaza, kwa sababu kuwa masikio ya mkuu kulinifanya nijione mtu wa maana.

Kisha ukaja mchezo wa Jemadari.

Uliandikwa na Mwalimu Baraka, Mkenya aliyewahi kufundisha sekondari na wakati huo alikuwa karani wa mizigo. Alikusanya watu wetu waliopenda kuigiza: walinzi, wahudumu wa hoteli, dada wa kazi za nyumbani waliopata ruhusa kwa madam zao. Ukumbi ulikubali kutupa Ijumaa nne za mazoezi na Ijumaa mbili za maonyesho, alasiri, kwa kuwa ndiyo siku wengi walikuwa huru. Ilikuwa tanzia. Jemadari ni mlinzi wa lango la mji. Mpiga ramli anamwambia kwamba funguo za mji zitaning'inia kiunoni mwake. Kabla ya kusikia hayo alikuwa mtu mwema. Baada ya kusikia, anawafungulia adui usiku mmoja ili mtawala, ambaye ndiye aliyemlea, auawe. Anazipata funguo. Kisha anaanza kuwaogopa watu, na kila anayemwogopa anamfungia nje, mpaka anabaki peke yake ndani ya mji mzima.

Lango la mji lilikuwa kazi ya Fundi Shomari. Alilijenga Al Jaddaf kwa mbao juu ya fremu ya bomba la chuma, zito kweli, kwa sababu alisema lango jepesi hutikisika likishuka na watazamaji hucheka. Lilining'inia juu, likishushwa kwa kamba yenye utepe mwekundu.

Mpiga ramli aliigizwa na Nakato, Mganda, mlinzi katika maduka ya Al Barsha. Alikuwa mrefu, mcheshi, na hakuweza kuliacha joho la mchezo hata wakati wa chai. Alimtabiria kila mtu. Otieno, aliyeigiza Jemadari, aliambiwa ataoa mwanamke anayemzidi kimo.

"Huyo ni wewe!" Otieno akasema. "Unajipigia debe!"

"Mimi? Wewe hata mshahara wako unakuogopa, unakimbia tarehe mbili."

Tukacheka. Kisha akanigeukia mimi, akafumba macho, akanyoosha kidole juu roshanini. "Na wewe muzee Salimu, mimi naona. Kabla hatujamaliza hii mchezo, wewe utakaa kwa kile kiti chekundu."

Watu wakapiga makofi. Fundi Shomari alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake. Hakusikia. Aliona watu wanacheka, naye akacheka.

Ilikuwa mzaha wa wakati wa chai, na Nakato mwenyewe aliusahau kabla vikombe havijaoshwa. Mimi sikuusahau. Wiki ile nikaanza kujiambia maneno. Kwamba kazi ya roshanini kwa kweli tunaifanya wawili. Kwamba kumficha asiyesikia ni hatari kwa waigizaji, na mtu mwaminifu angesema. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa kweli. Ningeweza kwenda kwa Sir Dinesh, meneja wetu, nikamwambia mlangoni pa ofisi, na huo ungekuwa unyoofu, ingawa wenye maumivu. Lakini hapo ningeonekana msaliti. Nilitaka kiti, na nilitaka pia kubaki mtu mwema. Nilikuwa namtazama Jemadari kila Ijumaa akifanya vivyo hivyo, hatua kwa hatua, na sikujiona hata kidogo.

Ijumaa ya tatu Sir Dinesh alikuja kutazama mazoezi. Aliketi safu ya tatu na simu yake. Tulifika pale ambapo mpiga ramli anaondoka na lango linashuka nyuma yake. Fundi Shomari akapiga kelele kutoka juu, "Vichwa!"

Nakato alikuwa bado chini ya lango. Akaitikia mwenyewe, kwa sauti ya kutosha kufika safu ya tatu, "Bado! Bado kidogo!"

Nami nilikuwa kwenye alama ya chaki. Mikono yangu ilikuwa chini.

Nieleze nilichokusudia, si kwa kujitetea. Lango lilishuka polepole siku zote. Nilidhani Nakato ataruka pembeni, Sir Dinesh atauliza kwa nini lango linashuka na mtu amesema bado, na uziwi wa Fundi utajulikana bila mimi kufungua mdomo. Nilikuwa nimeupima muda. Ningeweza kuwaambieni hata leo lilichukua muda gani kutoka juu hadi kimo cha mtu. Kitu ambacho sikukipima ni joho. Pindo lake lilikuwa limebanwa chini ya mguu wa kiti cha mtawala, na Nakato alikuwa ameinama akilivuta, ndiyo maana alisema bado.

Alivuta, halikutoka. Nikaona uso wake ukitazama juu. Bado nilikuwa na muda wa kunyanyua mkono. Naandika tena: nilikuwa na muda. Mkono ulikuwa mzito kama si wangu, nami nikautazama.

Alijirusha, akatoka kiwiliwili, mguu mmoja ukabaki.

Sauti ile sitaiandika. Otieno na wengine walilinyanyua lango kwa mabega. Fundi Shomari alishuka ngazi ya chuma mbiombio, uso hauna damu, akiuliza, "Nani? Nani?" kwa kuwa hakuwa amesikia kitu, ila aliihisi kamba ikilegea mikononi kabla ya wakati. Alipoona, aliketi sakafuni.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Sir Dinesh alituita sisi wawili ofisini. Hakuwa mtu mkali.

"She said not yet. Amesema bado, sote tumesikia. Fundi, kwa nini umeshusha?"

Fundi Shomari akanitazama mdomoni, kisha akamtazama yeye, akamwambia kwa Kiarabu chake cha yadi kwamba masikio yamekufa zamani, na kwamba sisi wawili tunatumia mkono. "Salimu akinyanyua, nasimama. Sikuona mkono."

Sir Dinesh akanigeukia. "Salimu, ulinyanyua?"

Ukimtoa Fundi, hakuna aliyekuwa akinitazama wakati ule jukwaani. Macho yote yalikuwa kwa Nakato. Nilijua hilo.

"Nilinyanyua, sir," nikasema.

Fundi Shomari alikuwa ameusoma mdomo wangu. Nilimngoja aseme kwamba mimi ni mwongo. Nilikuwa hata nimeandaa namna ya kukasirika. Akayasugua macho yake kwa vidole, kisha akasema kitu ambacho kinaniuma mpaka leo:

"Kama Salimu anasema alinyanyua, basi alinyanyua. Mimi ndiye sikuona."

Aliniamini mimi kuliko macho yake mwenyewe.

"Khalas," Sir Dinesh akasema kwa sauti ndogo. Hapo ndipo ulipokwisha utumishi wa Fundi Shomari.

Kabla hajarudisha kadi yake ya mlangoni, Fundi Shomari aliomba ruhusa apande roshanini nami mara moja. Alinipitisha kamba zote, moja moja, kwa karibu saa mbili, akinishikisha mafundo kwa mkono wangu. "Asije akaumia mtu mwingine," akasema. Nilishika alichonipa nishike.

Nilimtembelea Nakato hospitalini. Mguu ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Aliniuliza, bila utani hata mmoja, "Wewe ulikuwa pale karibu. Mimi napiga kelele bado, bado. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilinyanyua mkono, dada."

Akageukia ukutani. Kampuni yake ilimrudisha Uganda akitembelea mkongojo. Sikwenda kumuaga. Nilisikia kwamba alifungua duka la vocha na soda karibu na kwao Masaka, na kwamba hatembei mbali.

Mchezo uliahirishwa kidogo, ukapata mpiga ramli mwingine, ukaonyeshwa. Niliuona kutoka kwenye kiti chekundu. Mwishoni Jemadari anabaki peke yake, lango limefungwa, anaweka sikio lake juu ya mbao na kuuliza, "Nani yuko nje?" Na waigizaji wote, kutoka nyuma ya lango, wanajibu kwa pamoja, "Sote." Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Dada mmoja wa safu ya mbele alikuwa analia. Mimi niliishika kamba ya utepe mwekundu kwa mikono miwili, nikashindwa kuiachia ili nishike ya pazia, mpaka pazia likachelewa. Mwalimu Baraka alidhani nimefanya makusudi, akaja kunipongeza.

Baada ya hapo nilibadilisha kanuni. Mkono juu ni wazi, mkono chini ni simama, na sauti lazima ifuate mkono. Hiyo ndiyo kanuni mnayoitumia, na ni nzuri. Lakini kila kijana mpya aliyeanza kazi, nilimfundisha kanuni hiyo kwa kisa. Nilimwambia, "Alikuwapo mzee mmoja hapa, Fundi Shomari, hodari, lakini aliwaficha watu udhaifu wake, hakuona ishara, akamvunja binti wa watu mguu." Nilikisimulia vizuri. Nilikisimulia hata kwako, Riziki, nawe ukatikisa kichwa ukasema maskini. Nilikuwa nimemfukuza mtu kazini, kisha nikamgeuza somo.

Nilipomaliza utumishi sikuja moja kwa moja Mombasa. Nilipitia Unguja. Nilimpata Michenzani, kwenye nyumba ya chini, ameketi barazani asubuhi na kahawa. Amekonda. Mkewe, Bi Zuhura, alinipokea kwa heshima ambayo ilinichoma, akaniletea kikombe. Fundi alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Salimu! Umezeeka vibaya!"

Nikaona hakuna zana hata moja pale. Hakuna randa, hakuna patasi. Nikamuuliza Bi Zuhura, naye akasema, "Aliuza zote aliporudi. Watu walimletea milango aitengeneze, akakataa. Hata mjukuu hambebi kwenye ngazi. Anasema masikio yalikwenda, akavumilia, lakini macho yakimdanganya mtu, huyo si fundi tena. Na daktari anasema macho ni mazima! Nimesema mpaka nimechoka."

Nilikuja nimejiandaa kwa hasira yake. Nilidhani moyoni amekuwa akijua siku zote. Hakujua. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameketi pale, fundi mzima, akiyaogopa macho yake, kwa sababu ya maneno mawili niliyoyasema ofisini.

Nikainama karibu na sikio lake nikaanza kusema polepole. Akatikisa kichwa. Midomo yangu ilikuwa sikioni pake, haisomeki.

"Sisikii kitu, bwana. Sema kwa sauti."

Nikasema kwa sauti. Akaonyesha sikio. Jirani yake, Mzee Pandu, aliyekuwa barazani kwake ng'ambo ya njia, akageuka kututazama. Basi nikasimama, nikakabili uso wake, nikapiga kelele kama tunavyopiga kelele jukwaani:

"Sikunyanyua mkono! Siku ile! Ulikuwa chini! Niliuacha chini makusudi!"

Bi Zuhura aliweka birika chini. Fundi Shomari hakusogea. Alinitazama mdomoni hata baada ya kuufunga.

"Ulikuwa chini," akasema.

"Ulikuwa chini."

"Niliuona chini."

"Uliona sawasawa, Fundi."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Nilianza kusema nisamehe, akanyanyua kiganja kunizuia, kama mtu aliyeingiliwa katikati ya kazi.

"Sema tena," akasema. "Kwa nguvu. Mzee Pandu hakusikia vizuri, na yeye ndiye aliyeninunulia randa."

Nikasema tena. Sauti ilifika hadi kwenye duka la kona, na watu wawili waliokuwa wakinunua mkate wakageuka. Naandika haya ili iwe mara ya tatu, mbele yenu. Mkimfundisha mtu mpya kanuni ya mkono, kisa ni changu na jina ni langu.

Lakini Fundi Shomari hakuwa ananitazama tena. Alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza, kidole amekinyoosha kuelekea duka la kona, anasoma kwa sauti maandishi ya ubaoni, kuanzia makubwa ya juu hadi yale madogo kabisa ya chini, bei ya sabuni, bei ya sukari, na baada ya kila mstari anamgeukia mkewe kuuliza kama amepatia. Bi Zuhura alikuwa analia na kuitikia kwa kichwa. Alipatia yote.